Filta ya wazi na joto la foleni: nipoze vipi hewa iingiayo kwenye injini ya turbo?

Dereva wa Kimara

Ndugu zangu, salaam. Nina gari la petroli la lita 2 lenye injini ya turbo, yaani pampu inayoikandamiza hewa iingiayo kwenye silinda, na intakula yake, yaani kipozea hewa itokayo kwenye turbo, imekaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Alfajiri linavuta vizuri, lakini mchana nikitoka kwenye foleni ya Ubungo huwa zito kwa dakika kadhaa. Fundi mmoja alinishauri niondoe boksi la filta la kiwandani na kufunga filta ya wazi, akisema hewa itaingia nyingi na ya baridi zaidi. Muungurumo umeongezeka, ila uzito umezidi. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinaonyesha kuwa hewa iingiayo ina nyuzi 58 za Selsiasi kwenye foleni, ilhali nje ni 33. Je, ninunue intakula kubwa ya kufunga mbele?

Fundi wa Mbeya

Usinunue chochote kwanza, ndugu yangu. Filta yako inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini na rejeta, kwa sababu haina kitu cha kuitenga na joto la ndani ya boneti. Boksi la kiwandani, ambalo wengi hulidharau, lina mdomo unaochota hewa ya nje karibu na grili. Lirudishe. Kuna hatari nyingine pia: gari lako likiwa na kihisi kinachopima kiasi cha hewa ndani ya bomba la filta, kipimo hicho kimepangwa kwa upana wa bomba la asili, na ukiweka bomba pana zaidi, kompyuta itadhani hewa ni kidogo kuliko ilivyo, itapunguza mafuta, na injini ya turbo yenye mafuta pungufu huweza kutoboa pistoni.

Mwalimu wa Ufundi, Morogoro

Naunga mkono, nikiongeza hesabu. Kwa mgandamizo uleule, hewa ya nyuzi 33 ina uzito wa takribani asilimia 8 zaidi ya hewa ya nyuzi 58 katika ujazo uleule. Hiyo ni oksijeni ya kuchomea mafuta ambayo unaikosa kabla hata turbo haijafanya kazi. Lakini tahadhari: katika magari mengi ya namna hiyo kihisi cha joto kipo kabla ya turbo, hivyo 58 si joto linalofika kwenye silinda. Turbo ikikandamiza hewa hadi mara mbili ya mgandamizo wa kawaida, joto lake hupita nyuzi 100, na ni intakula inayolishusha. Gari likisimama, intakula ya juu haipati upepo, tena inapikwa na injini iliyo chini yake. Ukikanyaga mafuta, mchanganyiko wa mafuta na hewa hiyo ya moto hukaribia kugonga, yaani kulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na kompyuta hulinda injini kwa kuchelewesha cheche. Huo ndio uzito unaousikia.

Intakula ya mbele hukaa mbali na joto hilo, ila mabomba yake ni marefu na huzuia sehemu ya upepo wa rejeta, jambo ambalo kwa mtu wa foleni si dogo. Ningeanza na mapezi ya intakula yaliyoziba vumbi na mafuta, mpira unaoziba nafasi kati ya tundu la boneti na intakula, hozi zinazovujisha hewa, na ngao ya joto ya turbo, ambayo mafundi wengi huivua wasiirudishe. Subaru iliwahi kuyapa baadhi ya magari ya Impreza STI kinyunyizio cha maji juu ya intakula. Maji yakigeuka mvuke hubeba joto jingi, kwa hiyo njia hiyo ni halali, lakini ije baada ya hayo.

Dereva wa Kimara

Nashukuru sana, mwalimu na fundi. Nimerudisha boksi, na kwenye foleni ileile kifaa kimesoma 44. Ule mpira wa kuzibia umekatika upande mmoja, na ngao ya turbo haipo kabisa. Jumamosi naanza na hivyo viwili.