Kuvu kwenye maua ya ndani: mdalasini, salfa au nibadili udongo wote?

Bint Ligula: Habari za jioni wakuu. Maua yangu ya sebuleni yameota kuvu nyeupe juu ya udongo, na chungu kimoja kimetoa viuyoga vya njano. Jirani kanishauri mdalasini wa unga. Shemeji anasema salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, maana imebaki stoo. Mie nawaza kubadili udongo wote. Kesho naenda sokoni, nichukue lipi?

Mkorosho Mmoja: Salfa. Unayo bure, unauliza nini tena?

Fundi Vyungu: Maua gani? Chungu kina tundu chini? Maji unamwagia mara ngapi? Unaomba dawa, mgonjwa hatujamwona.

Bint Ligula: Maua ya kawaida tu, yale ya majani mapana. Maji kila asubuhi.

Fundi Vyungu: Kila asubuhi! Ndani ya nyumba, na mvua hizi! Na la tundu hujajibu.

Mama Mitwero: Mdalasini unasaidia, mwanangu, nimeutumia sana. Kwanza kwangua ile kuvu na udongo wa juu, kama unene wa kidole, utupe nje. Ndiyo unyunyize unga kidogo. Ila ukiendelea kumwagilia hivyo itarudi, mdalasini hauzuii maji.

Shangani Juu: Samahani, hiyo nyeupe ni laini kama pamba au ni ganda? Huku kwetu wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi vyungu vinafanya weupe hivyohivyo, watu wanadhani kuvu. Ikisagika vidoleni kama chembechembe, hiyo chumvi. Hapo hata ukimwaga salfa gunia zima hupati kitu.

Mkorosho Mmoja: Mnaidharau salfa wakati ndiyo inayotulisha kusini yote.

Fundi Vyungu: Hakuna anayeidharau, kaka. Salfa inapambana na ubwiriunga, ile kuvu kama unga mweupe, na ule unakaa juu ya majani machanga na maua ya mkorosho. Kuvu ya chunguni inakula masalia: majani yaliyooza, samadi, vipande vya mbao. Mmea wenyewe mara nyingi hata haiugusi. Halafu salfa inazidisha uchachu wa udongo, na vumbi lake linawasha macho. Sebuleni la nini?

Mkorosho Mmoja: Sisi tunapuliza shamba zima na macho tunayo.

Nanguruwe Kwetu: Kubadili udongo sawa, ila angalia unaununua kwa nani. Mimi nilichukua viroba kwa muuzaji wa barabarani, akaniapia ni mboji iliyoiva. Kumbe samadi mbichi na maranda. Wiki haijaisha, chungu chote kimefunga utando mweupe, na vijidudu vyeusi vinaruka mpaka kwenye chai. Kipindi hichohicho mama mkwe kaja kutoka Masasi. Kakaa sebuleni, kanusa, akaniuliza kwa upole kama kuna panya kafia chini ya kochi. Nikamrudia muuzaji, ananiambia maua yangu "hayajazoea chakula kizuri". Nikaumwaga wote kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Mgomba ukanenepa! Hapo ndipo niliudhika zaidi.

Mama Mitwero: 😂😂 Pole baba. Samadi mbichi haiendi chunguni. Changanya udongo na mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, maji yanapita vizuri.

Babu Newala: Hivyo viuyoga vya njano vinaliwa? Uyoga wa mvua za kwanza huku kwetu ni mboga ya heshima.

Fundi Vyungu: Wa chunguni usile, mzee. Ule wa njano unaumiza tumbo. Bint Ligula, kama una watoto wadogo ung'oe leo, usingoje kesho.

Babu Newala: Bibi yangu alikuwa anauchemsha na kitunguu. Kikibadilika rangi, anamwaga.

Shangani Juu: Babu, hicho kipimo hakiaminiki. Upo uyoga wa sumu na kitunguu kinabaki cheupe vilevile.

Babu Newala: Bibi alifikisha uzee mwema.

Bint Ligula: Asanteni wote. Nimegusa, ni laini kama pamba. Tundu sijaangalia, chungu kimekaa ndani ya kingine cha urembo na ni kizito, nasubiri shemeji arudi.

Fundi Vyungu: Ndani ya kingine! Mwambie akiinua amwage maji yaliyotuama humo kwanza.

Mkorosho Mmoja: Akishainua atie na salfa.

Nanguruwe Kwetu: Babu Newala, tuachane na uyoga. Ming'oko, vile viazi pori, huko imeshaanza kuuzwa? Mama mkwe anaulizia.

Babu Newala: Ipo. Njoo na kikapu chako.