Kikundi cha Nyumba ya Kibokoni: filamu ya Joost

[21:04] Fadhili: Salaam alaykum nyote. Jana usiku nimetazama filamu ya maisha ya Joost van der Westhuizen, yule nambari tisa wa Afrika Kusini. Nimemuona Ami Bakari mle ndani mwanzo mpaka mwisho. Usingizi sikuupata.

[21:06] Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam mwanangu. Huyo mchezaji wa nini?

[21:09] Fadhili: Raga, Shangazi. 1995 walichukua Kombe la Dunia nyumbani kwao, fainali 15 kwa 12 na New Zealand. Wale walikuwa na Jonah Lomu, jitu la zaidi ya kilo 110, na Joost mwembamba vile akamkamata akamlaza chini. 2011 akaambiwa ana MND, ugonjwa wa neva za misuli, ndio huu huu ALS wa Ami Bakari. 2017 akafariki, miaka 45.

[21:10] Shangazi Zuhura: Inna lillahi. Na nguvu zote hizo.

[21:12] Ami Athmani: Kwa hivyo si jicho la mtu? Huku mtaani watu wasema mengi.

[21:19] Mwanahawa: Ami, hata sisi tulizunguka mwaka mzima. Mwanzo ulikuwa vifungo. Ijumaa Baba akisimama mbele ya kioo, kifungo cha juu cha kanzu kinamshinda, vidole vinateleza tu. Tukasema uzee. Ulimi ukawa mzito, tukasema kiharusi. Akasomewa, akachuliwa. Mpaka daktari wa neva akatueleza: neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakufa. Mkono upo, amri haifiki, na msuli usiotumwa hukonda. Ikifika kwenye misuli ya kupumua ndio basi. Wengi huishi miaka 2 mpaka 5 tangu dalili zianze.

[21:20] Ami Athmani: Dawa?

[21:22] Mwanahawa: Ya kuponya hakuna. Iko riluzoli, inapunguza kasi kidogo. Na hauambukizi. Narudia, HAUAMBUKIZI, maana kuna watu wameacha kunywa kahawa kwetu.

[21:25] Fadhili: Mimi kilichonishika kwenye filamu ni macho ya Joost. Maneno yanamtoka kwa tabu, kama mtu mwenye mzigo mdomoni, lakini akili zake zote anazo. Na ugonjwa ukiwa mwilini akaanzisha wakfu wa J9 kusaidia wagonjwa wenzake.

[21:31] Mwanahawa: Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Baba yuwasikia kila neno. Juzi walikuja wageni wawili, wakakaa pembeni ya kitanda wakaniuliza mimi: anakula? analala? Na yeye yuko hapo katikati yetu. Walipotoka niliona chozi limeteremka mpaka sikioni. Mkono wa kulifuta hana. Tafadhalini, mkija semeni naye yeye.

[21:38] Ami Athmani: Sijafika tangu mfungo mosi. Nilisema ni kazi, si kweli. Naogopa kumuona vile. Tukicheza mpira uwanja wa Makadara yeye alikuwa winga wa kushoto, mimi beki, na sikuwahi kumshika hata siku moja.

[21:39] Shangazi Zuhura: Athmani, ni nduguyo. Nenda.

[21:41] Fadhili: Jumamosi baada ya Isha nilete kompyuta tuitazame naye chumbani? Lakini aulizwe kwanza. Mwisho wa filamu anaujua, na huenda asitake kuuona mbele yetu.

[21:42] Mwanahawa: Ngojeni. Tuna ubao wa herufi. Napitisha kidole, nikifika kwenye herufi anayoitaka anafumba macho.

[21:58] Mwanahawa: Amekubali. Ila anataka kwanza ile fainali ya 1995, nzima, msimrukishe hata kipande.

[21:59] Fadhili: Ataipata yote inshallah, na dakika za nyongeza.

[22:03] Mwanahawa: Kisha akaniashiria nirudishe ubao. A. T. H. Nikamwambia basi Baba, nimeelewa, usijichoshe. Akakataa. Amelimaliza jina lote.

[22:04] Ami Athmani: Sitangoja Jumamosi. Naja sasa hivi, msifunge mlango.