Naombeni ushauri, maikrowevu inanuka samaki na harufu haiishi

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada jamani. Wiki mbili zilizopita nilipasha samaki bila kufunika, akapasuka humo ndani mafuta yakaruka mpaka juu, nikafuta harakaharaka nikajua yameisha. Kumbe wapi! Sasa hivi hata nikipasha chai inatoka inanuka samaki, mtoto kaigomea.

Nimeshachemsha maji ya limau dakika 5 nikaacha mvuke ukae humo, nikarudia na siki, sahani ya kioo na kile kigurudumu cha chini nimeviosha na sabuni, usiku naweka bakuli la bekingi soda naacha mlango wazi. Inapungua siku moja, ikipata joto tu imerudi.

Jana nimemulika na tochi nikaona kile kikaratasi kigumu cha kahawia pale ukutani kulia kina doa la mafuta, nahisi mchawi ndo huyo. Je, kinafutwa tu na kitambaa chenye unyevu au kinabadilishwa kabisa? Na vile vitundu vya hewa navisafishaje bila kufungua kava? Maana nasikia ndani kuna kapasita inabaki na umeme hata ukichomoa waya, na mimi na umeme hatuelewani kabisa.