Asidi gani badala ya ya betri kwenye seli ya haidrojeni?

FundiVolti, Nkuhungu (Dodoma): Wakuu, nina kiseli cha maonyesho, kinatoa umeme kwa haidrojeni na oksijeni: nyavu mbili zenye platinamu, katikati kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa asidi ya betri (salfuriki). Kinatoa volti 0.7, kifeni kinazunguka. Ila asidi imeshanitoboa suruali mbili! Nibadili niweke siki, haidrokloriki, fosforiki? Nani kajaribu?

Mwalimu_Kemia: Siki sahau. Nilijaribu na kidato cha nne, mita ikasoma vizuri, nilipounga kifeni tu volti zikaporomoka. Asidi dhaifu haina protoni za kutosha kubeba chaji, ukinzani wa ndani unakuwa mkubwa. Haidrokloriki ni kali, sawa, lakini kloridi huila platinamu. Nitriki ndiyo usiiguse kabisa: yenyewe hupokea elektroni, utadhani seli inafanya kazi kumbe asidi ndiyo inayotumika. Hata William Grove, mwanzilishi wa seli hizi, mwaka 1839, alitumia hiyo hiyo salfuriki iliyozimuliwa.

Kibakwe88: Fosforiki je mwalimu? Si mitambo mikubwa inaitumia?

Mwalimu_Kemia: Inaitumia kwa nyuzi 150 hadi 200. Huko inavumilia uchafu wa kaboni monoksaidi wa asilimia 1 hivi kwenye haidrojeni, na haikauki ovyo. Kwenye joto la chumba fosfeti hung'ang'ania juu ya platinamu, oksijeni ikakosa pa kukaa. Tena ikiwa safi kabisa huganda chini ya nyuzi 42, hata jua letu la Novemba haliiyeyushi.

MamaZabibu: Mie nilihamia utando wa Nafion. Asidi imeshikwa ndani ya plastiki yenyewe, hakuna cha kumwagika. Lakini jamani upepo wa Agosti! Niliuacha mezani nikaenda kunywa chai, kurudi umejikunja kama ganda la mti. Nikauloweka ukanyooka, ila pembeni ulishachanika. Pitisha haidrojeni kwenye chupa ya maji kwanza ipate unyevu, utando usikauke. Na ujipange, bei yake inauma.

Kibakwe88: Minjingu kuna mwamba wa fosfeti, tujitengenezee fosforiki wenyewe 😄

Mwalimu_Kemia: Kuitoa fosforiki humo unahitaji salfuriki kwanza. Tumerudi kwenye suruali.

FundiVolti, Nkuhungu: Haya, nabaki na ya betri, niizimue sehemu moja kwa maji manne. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji, najua mwalimu, usinigombeze. Aproni ya mpira Majengo inapatikana duka gani?