Deni limeisha, kwa nini simu bado ina loki?

Mleta mada: Wadau wa Mtwara na Lindi, hili tulijadili kwa uwazi. Mjomba wangu wa Tandahimba alichukua simu kwa mkopo kwenye duka moja la mjini. Amelipa mpaka shilingi ya mwisho na risiti anazo. Kijijini kwao unaoshika vizuri ni mtandao mwingine, lakini akiweka laini ya mtandao huo simu inadai namba ya kufungulia na kugoma hapo hapo. Dukani wanamwambia aongeze hela ndipo watoe loki. Akienda kwa fundi, fundi anaitwa mwizi. Sasa simu hii ni ya nani?

Msimamo wangu: aliyemaliza deni awe na haki kisheria ya kufunguliwa simu bure, au kuipeleka kwa fundi anayemtaka.

Marekani walishapambana na jambo hili. Kwa sheria yao ya hakimiliki ya 1998, kuanzia 26 Januari 2013 kufungua simu mpya bila idhini ya kampuni ya mtandao likawa kosa. Zaidi ya watu 100,000 wakasaini ombi kwa Ikulu yao, Bunge likatunga sheria, na Obama akaisaini 1 Agosti 2014. Sheria hiyo inamruhusu mwenye simu kumtuma mtu mwingine amfungulie, yaani fundi analindwa. Kanada tangu Desemba 2017 simu mpya zinauzwa bila loki. Uingereza wakafuata Desemba 2021.

Mchangiaji, Masasi: Mkuu, mimi nauza simu. Mtu anatoa kianzio kidogo, kesho kavuka Ruvuma, yuko Msumbiji. Kila fundi akiruhusiwa kufungua, nani atakopesha tena? Na simu za wizi je?

Mleta mada: Kaka, deni likiwepo funga, sina ugomvi na wewe. Ingawa hata hapo mnaumiza watu: hela ya mkulima wa korosho inaingia msimu wa minada, kuanzia Oktoba, nanyi mnamdai kila siku mwaka mzima. Akichelewa kidogo simu inazimwa, na ujumbe wa malipo ya korosho zake hauoni.

Kuhusu wizi, umechanganya mambo mawili. Bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako. Kutoa loki ya mtandao hakuigusi namba hiyo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia Juni 2016 ilizikamata kwa IMEI, na simu iliyoibwa huzuiwa kwa namba hiyo hiyo. Fundi anayebadilisha IMEI ashtakiwe, huyo simtetei hata kidogo.

Kwa hiyo nijibu kama mfanyabiashara. Mjomba anakuja dukani kwako na risiti ya mwisho, hadaiwi hata senti. Hela ya kutoa loki unamtoza ya kitu gani?