Mikono ya breki na klachi ya bei nafuu: ya asili, ya kalibu au mifupi ya rangi?

Mzawa wa Uluguru (mwanzisha mada)

Habari za leo, wakuu. Juzi niliteleza kwenye kokoto nikikata kona ya kuingia nyumbani, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto na mkono wa klachi ukakatika katikati. Mkono wa breki wa upande wa pili ulikwisha kupinda tangu enzi za mmiliki wa kwanza, kwa hiyo nimeona nibadilishe yote miwili kwa pamoja. Pikipiki ni TVS Apache RTR 160. Breki ya mbele ni ya diski na klachi ni ya waya.

Nimezunguka kwenye maduka ya spea hapa Morogoro na nimeonyeshwa mikono ya aina tatu. Ipo ya asili, iliyomo kwenye pakiti yenye nembo ya kiwanda. Ipo ya kalibu, yaani ya kuyeyushwa na kumiminwa, isiyo na jina, ambayo ukiiweka kando ya ile ya asili huwezi kuitofautisha kwa haraka, na bei yake ni kama theluthi. Halafu ipo mifupi ya rangi nyekundu na dhahabu, iliyochongwa kwa mashine, yenye kigurudumu cha kusogeza mkono karibu au mbali na usukani, nayo inauzwa kwa jozi tu. Muuzaji ananiapia kwamba hiyo ya rangi ndiyo imara kuliko zote. Zaidi ya hapo, fundi wa mtaani kwetu amejitolea kuuchomelea ule uliokatika kwa pesa ya soda. Naomba uzoefu wa waliowahi kufunga mikono ya bei nafuu, hasa kama inakaa sawasawa bila kulazimishwa.

Fundi wa Igoma

Pole kwa kuanguka, mkuu. Kwanza achana na wazo la kuchomelea. Alumini ya kalibu ikishachomelewa hulegea au hupasuka pembeni mwa kovu, na kwa kuwa kovu lenyewe huonekana nene, mwendeshaji huliamini mpaka siku litakapomwachia. Vivyo hivyo, usiunyooshe mkono wa breki kwa kuugonga juu ya jiwe. Ulipopinda ulikwisha kuchoka, na ukiurudisha unauongezea ufa ambao macho hayauoni.

Pili, usiinunue mikono hii miwili kana kwamba ni kitu kimoja kwa sababu tu inafanana. Mkono wa klachi ukikatika njiani utapata aibu na usumbufu, lakini nyumbani utafika. Mkono wa breki ya mbele ukikatika unabaki na breki ya mguu peke yake, wakati ule ule ambapo uzito wa pikipiki na wako umehamia mbele na gurudumu la nyuma limekuwa jepesi, tayari kuburuzika. Kwa hiyo, kama mfuko hauruhusu ya asili kwa pande zote mbili, chukua wa kalibu kwa klachi na wa asili kwa breki.

Boda wa Likoni

Ninakubaliana na fundi kwa sehemu. Mimi ninaendesha Boxer 150 yenye breki za ngoma hapa Mombasa, abiria kutwa nzima, na mikono yangu yote ni ya kalibu kwa sababu wa asili ukianguka unavunjika vile vile. Tofauti niliyoiona mimi ipo zaidi kwenye tundu la bolti kuliko kwenye kuvunjika. Mkono wa asili niliotoka nao dukani ulikuwa na bushi (kibomba kigumu cha kuzuia msuguano) ndani ya tundu, ilhali huu wa bei nafuu bolti inasugua alumini tupu. Baada ya miezi michache tundu linakuwa la mviringo wa yai, mkono unaning'inia na kutikisika, na kila ukishika breki ncha inazama kwanza kabla ya waya kuvutwa.

Kuna mmoja ulinikatikia mkononi nikiwa nimesimama tu kwenye foleni ya feri, wala sikuwa nimeuvuta kwa nguvu. Nilipotazama pale ulipokatika niliona chengachenga za kijivu kama jivu la mkaa na vitundu vya mapovu, kimoja kikubwa kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuushika kiganjani pamoja na wa asili na kulinganisha uzito.

Mkereza wa Themi

Hapo kwenye uzito umegusa jambo la maana. Baadhi ya mikono inayouzwa kama alumini ni mchanganyiko wa zinki, ambayo kwa ujazo ule ule ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko alumini, nayo humiminika vizuri kwenye kalibu na kutoa umbo safi, lakini huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Sumaku haitakusaidia, kwa maana hainasi kwenye zinki wala kwenye alumini. Kiganja ndicho mzani wako.

Ninachotaka kuongeza ni vipimo, kwa sababu wengi hununua kwa kutazama umbo. Chukua rula ya chuma, upime kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya kitundu kinachoshika kichwa cha waya. Tuseme ni milimita 30, na vidole vyako vinakaa milimita 120 kutoka kwenye bolti. Nguvu ya vidole inazidishwa mara 4. Ukifunga mkono mfupi ambao vidole vinaangukia milimita 90, inazidishwa mara 3 tu, na springi za klachi hazijui kwamba umebadilisha mkono, hivyo utavuta kwa nguvu iliyoongezeka theluthi moja. Kwenye foleni ya nusu saa kifundo cha mkono kitakueleza.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Iwapo aliyenakili mkono amekiweka kitundu cha kichwa cha waya kwenye milimita 27 badala ya 30, klachi itakuwa nyepesi na mnunuzi atafurahi dukani. Lakini waya sasa unavutwa pungufu kwa asilimia 10 kwa mwendo ule ule wa mkono, na klachi haiachii kabisa. Frii (hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote) inakuwa ngumu kupatikana ukiwa umesimama, pikipiki inatambaa kwenye gia ya kwanza ingawa mkono umegusa usukani, na hapo ndipo watu hubadilisha sahani za klachi zisizo na kosa lolote.

Dada wa Kaloleni

Ninasoma kila mtu akiisema vibaya mifupi ya rangi, nami ninaitumia kwa mwaka wa pili. Vidole vyangu ni vifupi. Kwa mikono ya asili nilikuwa nalazimika kuachia usukani kwa kiganja ili niifikie breki, jambo ambalo kwenye mteremko wenye mashimo ni hatari kuliko mkono dhaifu. Kile kigurudumu cha kusogezea, chenye namba 1 hadi 6, ndicho kilichonifanya niweze kushika breki kwa vidole viwili huku vingine vikibaki kwenye usukani. Hilo si pambo. Pambo ni rangi, ambayo kwa jua la huku ilikuwa nyekundu na sasa ni ya waridi.

Hata hivyo, ni haki niseme na lililonikuta. Wiki ya kwanza baada ya kufunga nilitoka Arusha kuelekea Moshi, na kabla sijafika Usa River nikaanza kuhisi pikipiki inazidi kuwa nzito, kana kwamba tairi limeishiwa upepo. Nikasimama. Gurudumu la mbele halikuzunguka hata nilipolisukuma kwa mguu, na diski ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji lilichemka juu yake. Nilisubiri ikapoa, breki ikajiachia yenyewe, nikageuza kwenda nyumbani kwa mwendo wa bata. Fundi aliyenifungia alisema ni pedi. Haikuwa pedi.

Fundi wa Igoma

Dada, umeeleza kwa usahihi kabisa kisa ambacho watu wengi hukilaumu kwa mafuta ya breki. Kwa faida ya mwanzisha mada, mkono wa breki ya diski hauvuti waya; una kijino kinachosukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu ndogo ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani. Pistoni inaporudi mwisho wake hufungua kitundu kidogo sana kinachounganisha bomba na kikopo cha mafuta. Kitundu hicho ndicho kinachoyaruhusu mafuta yaliyopata joto na kutanuka yarudi kikoponi. Kijino cha mkono mpya kikiwa kirefu kwa hata nusu milimita, pistoni inabaki imesukumwa kidogo, kitundu kinazibwa, mafuta yanatanuka bila pa kwenda, nayo pedi zinabana. Zikibana zinatoa joto, joto linatanua mafuta zaidi, na mwisho gurudumu linafunga.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Weka usukani sawa, funika tangi kwa kitambaa chenye maji kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, fungua mfuniko wa kikopo, kisha ubonyeze mkono polepole kwa kidole kimoja huku ukitazama sakafu ya kikopo. Ukiona kijichirizi cha mafuta kikiruka juu mwanzoni kabisa mwa kubonyeza, kitundu kilikuwa wazi. Usipoona chochote, na mkono hauna ulegevu hata kidogo kabla ya kugusa pistoni, usiiendeshe pikipiki hiyo. Wapo wanaokipiga tupa kijino hicho kwa uangalifu mpaka ulegevu upatikane. Mimi kwa pikipiki ya mteja huurudisha mkono dukani, kwa kuwa nikizidisha tupa nimeharibu kwa upande wa pili.

Jambo jingine: kubadilisha mkono hakuhitaji kutoa upepo kwenye breki, kwa maana bomba halijafunguliwa mahali popote. Fundi atakayekutoza kwa kazi hiyo mwulize ameingiza upepo wapi.

Boda wa Likoni

Na taa ya breki msiisahau. Swichi ndogo iliyo chini ya mkono huguswa na sehemu ya mkono wenyewe, na mikono ya kuiga huwa na ukingo mfupi au mrefu mno. Mwenzangu mmoja aliendesha wiki nzima taa ya nyuma ikiwaka muda wote, na mwingine haikuwaka kabisa akishika breki ya mbele, akagongwa na bajaji nyuma. Ufunge mkono usiku, au mahali penye ukuta, uone wekundu unavyowaka na kuzima.

Mzawa wa Uluguru (mwanzisha mada)

Ninawashukuru nyote. Nimekwenda dukani na mikono yangu ya zamani ndani ya mfuko pamoja na rula ya mwanangu ya shule, muuzaji akacheka. Mikono ya kalibu ilikuwa mitatu kwenye boksi moja: mmoja ulikuwa na milimita 28 mahali ambapo wangu una 30, miwili ilikuwa sawa. Nimechukua mmoja kati ya ile miwili kwa ajili ya klachi, na wa asili kwa breki. Ile ya rangi niliiacha, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu vidole vyangu ni virefu na sikuona ninalolinunua zaidi ya wekundu.

Kufunga klachi kulinichukua muda kuliko nilivyodhani. Ilinibidi nilegeze pete zote mbili za kurekebishia waya, nizizungushe mpaka mifereji yao ilingane na mfereji wa kiti cha mkono (kishikio chake kwenye usukani), ndipo waya ukachomoka kwa ubavu bila kulazimishwa. Kichwa cha waya kilikuwa kikavu kabisa, na nyuzi tatu zilikuwa zimekwisha kukatika pembeni mwake kwa sababu kilikuwa hakizunguki tena kwenye kitundu chake. Kwa hiyo nimebadilisha na waya, nikatia grisi kwenye kichwa na kwenye bolti, na nimeacha mchezo, yaani ulegevu, wa kama milimita 15 kwenye ncha ya mkono. Frii inaingia vizuri. Kijichirizi cha mafuta nimekiona, na taa inawaka na kuzima.

Swali moja limebaki. Nikikaza nati ya chini ya bolti ya klachi, mkono unakuwa mgumu na hautaki kurudi wenyewe. Nikiilegeza, unarudi vizuri, lakini ninaogopa nati itaanguka njiani.

Mkereza wa Themi

Unakaza vitu viwili kwa pamoja. Bolti yenyewe inajifunga kwenye nyuzi za kiti. Ikaze kwa bisibisi mpaka mkono uanze kuwa mzito, kisha uirudishe nyuma kidogo hadi mkono uwe huru. Baada ya hapo ishikilie bolti kwa bisibisi hiyo hiyo isizunguke, huku ukikaza nati kwa spana kutoka chini. Nati kazi yake ni kuizuia bolti isilegee tu. Ikiwa mkono bado unabana, basi unene wa mkono mpya umezidi nafasi ya kiti, na utausugua kwa msasa laini juu ya kioo, upande mmoja, kidogo kidogo, ukijaribisha kila mara.

Mzawa wa Uluguru (mwanzisha mada)

Ilikuwa bolti. Sasa unarudi wenyewe. Ule mkono wa kalibu wa pili nimerudi kuununua, nimeuviringisha kwenye kipande cha mpira na kuuweka chini ya kiti pamoja na spana.