Tupeane uzoefu: Mtoto anayelalamika tumbo kila asubuhi ya shule

Mlezi wa Darasani
Ndugu wazazi, walimu na walezi, salaam. Leo asubuhi nikimshusha mwanangu getini nilimwona mtoto mdogo ameng'ang'ania nguzo ya geti kwa mikono yote miwili, analia kwamba tumbo linamuuma, na mama yake anambembeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubembeleza siku nyingi. Nilikumbuka yaliyotupata sisi, kwa maana kwetu tumbo lilikuwa likianza kuuma Jumapili jioni, linapoa Ijumaa mchana, na likizo nzima halisikiki. Hospitali walipima kila walichoweza kupima wasione kitu. Baadaye ilijulikana kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa akiwasimamisha mbele ya darasa walioshindwa jedwali la kuzidisha, na mwanangu, ambaye jedwali lenyewe alikuwa akilijua vizuri, aliogopa kusimamishwa kabla hata hajakosea. Tulizungumza na mwalimu kwa heshima, akabadilisha utaratibu, na tumbo likatulia. Ninaomba aliyepitia hali ya namna hii aeleze: ulijuaje kwamba tatizo liko shuleni, nani alikusaidia, na ni ushauri gani haukufaa kitu?

Chaki Nyeupe
Nimefundisha shule za msingi hadi kustaafu, na kama kuna jambo ningependa wazazi walielewe ni kwamba maumivu hayo ni ya kweli. Utumbo una mishipa ya fahamu mingi sana na huwasiliana na ubongo muda wote, kwa hiyo hofu inaweza kubadilisha mwendo wake na mtoto akasikia maumivu hasa, ingawa vipimo vyote ni safi. Ukimwambia anaigiza, atakachojifunza ni kutokukueleza tena. Wekeni daftari dogo na kuandika tumbo limeuma siku gani, somo la kwanza lilikuwa lipi, na nani alikuwa mwalimu wa zamu. Mara nyingi daftari hilo husema kabla ya mtoto. Hata hivyo, maumivu yanayomwamsha usiku, damu kwenye choo, homa, kutapika au kupungua uzito, hayo msiyasingizie shule, mpelekeni kwa daktari. Na msizoee kumbakiza nyumbani, kwa kuwa kadiri anavyokaa ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu.

Mama Pacha
Hapo kwenye kumbakiza nyumbani ninakuunga mkono kabisa, Mwalimu. Wangu alibaki siku chache tu, na kumrudisha ikawa kazi ya muhula mzima.

Mvua za Vuli
Samahani, Mwalimu, mimi sikubaliani. Binti yangu nilimbakiza kwa makusudi, na nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba hatarudi mpaka niambiwe nani anamchania madaftari. Barua zangu za awali zilikuwa zimekaa bila majibu, lakini kiti kitupu kilijibiwa upesi.

Upepo wa Kusi
Sikukusudia kuandika, ila mmenigusa pabaya, nami nitaeleza yote ingawa ni marefu na si ya kusomwa mezani.

Mwanangu alikuwa darasa la pili, mchangamfu, mtoto wa kuimba hata anapovaa viatu. Nilichokiona kwanza ni chupa ya maji. Ilikuwa ikirudi jioni imejaa hadi kwenye kizibo, jinsi nilivyoifunga asubuhi, nayo ilikuwa miezi ya joto. Nikimuuliza, ananiambia hakusikia kiu. Halafu akifika nyumbani anakimbilia chooni begi likiwa bado mgongoni, na baadaye hata hilo likakoma, akawa anakaa siku kadhaa bila kwenda haja kubwa. Kisha zikaanza kuonekana alama kwenye chupi, kidogo kidogo, na harufu ambayo yeye mwenyewe alikuwa kama haisikii. Bibi yake alisema anaharisha, na duka la dawa likatupa dawa ya kuzuia kuharisha. Mwalimu wake aliandika kwenye daftari la mawasiliano, kwa wino mwekundu, kwamba mtoto afundishwe usafi nyumbani. Wenzake walikwisha kumpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Siku niliyoitwa kumchukua nilimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi nyuma ya darasa, sweta limefungwa kiunoni, na ndani ya darasa somo linaendelea. Hakulia. Aliniuliza kama tunaweza kupita njia ya nyuma. Ndugu zangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na bado ninasema safari ile ya kutoka kwenye ngazi hadi getini ndiyo ndefu kuliko zote nilizotembea.

Hospitali, daktari alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo upande wa kushoto, na papo hapo akasema kwamba mtoto huyu haharishi hata kidogo, amefunga choo. Alitueleza kwamba mtoto akizuia haja kwa muda mrefu kinyesi hurundikana na kuwa kigumu, utumbo wa mwisho hutanuka hadi kupoteza ile hisia ya kubanwa, na kinyesi laini cha juu hupenya pembeni na kuvuja bila yeye kujua. Hakuwa mchafu, wala mvivu, wala mkaidi. Mwili wake haukuwa ukimpa taarifa.

Lakini kwa nini anazuia? Hakutamka neno. Aliyetamka ni mama anayesafisha vyoo vya shule, ambaye alinivuta pembeni getini nilipokwenda kupeleka barua ya daktari. Alisema: “Mama, hawa wadogo hawaingii kwenye vyoo vyangu. Wakati wa mapumziko wavulana wakubwa wanakaa mlangoni, na anayeingia wanamchungulia kwa juu, maana vitasa vilikwisha kung'oka. Wadogo wanajua, wanabana hadi kengele ya mwisho.” Nilimuuliza kama amemwambia mtu. Akasema alimwambia mwalimu wa zamu, akajibiwa kwamba kazi yake ni kufagia.

Nyota ya Jaha
Nimesoma nikasimama kwanza nikatembea. Itaje shule hiyo hapa hapa!

Upepo wa Kusi
Sitaitaja, dada yangu. Mwanangu bado anasoma pale, na yule mama wa usafi bado anakula kwa kazi ile.

Jicho la Tai
Wavulana hao wangepata viboko vya kutosha mbele ya shule nzima, mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Wahenga hawakukosea: samaki mkunje angali mbichi.

Mlezi wa Darasani
Samaki hukunjwa kwa mkono, Bwana Jicho, hakunjwi kwa fimbo. Anayemtisha mdogo chooni ameshajifunza kutoka kwa mtu kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, nawe unataka kumrudia somo hilo mbele ya mashahidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto, na kifungu cha 19 unataka alindwe dhidi ya ukatili wa kila namna.

Jicho la Tai
Mikataba haisafishi vyoo. Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu wazima wenye adabu.

Mvua za Vuli
Adabu yenyewe ndiyo hii ya kumjibu kila mtu kwa ukali? Sweden walipiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani tangu 1979, na watoto wao hawajawapanda vichwani.

Chaki Nyeupe
Naomba tusiugeuze uzi huu kuwa mahakama ya viboko, kwa sababu tutamsahau mtoto. Nimeshika fimbo miaka mingi kama ilivyokuwa desturi ya kazi, na ninachoweza kushuhudia ni kwamba uonevu hauishi bali huhama. Ukichapa mlangoni mwa choo, utaukuta nyuma ya jengo. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Norway na ambaye mbinu zake zilianza kutumika katika kampeni ya shule za nchi nzima mwaka 1983, alisisitiza watu wazima kuwapo na kutazama kwenye sehemu zisizo na macho, yaani vyoo, ngazi, njia na viwanja, na wazazi wa pande zote mbili kuitwa. Mwalimu mmoja anayesimama karibu na vyoo dakika zote za mapumziko ana faida kuliko fimbo kumi ofisini.

Mkia wa Kipepeo
Mwalimu wa kusimama yuko wapi? Mimi ninafundisha sasa hivi, darasa limejaa hadi dirishani, na wakati wa mapumziko ndipo ninaposahihisha. Mnatudai macho ya nyuma ya kichwa.

Jicho la Tai
Hapo angalau mwalimu mwenzetu amesema kweli.

Fundi Saa
Kwa upande wangu ningeshauri mtoto afundishwe karate, na mama wa usafi apewe cheo cha mwalimu mkuu msaidizi. La kwanza ni utani, la pili si utani sana.

Nesi wa Usiku
Mimi ni muuguzi wa watoto, na naomba niongeze mawili matatu kwa aliyeguswa na simulizi ya Mama Upepo. Watoto wa namna hii ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kuadhibiwa kwa “uchafu” wao. Baada ya kuondoa mrundikano kwa dawa atakayoandika daktari, mtoto akalishwe chooni dakika tano hadi kumi baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo wa chini huanza kusukuma. Miguu isining'inie, mwekeeni kigoda kidogo akanyage, magoti yawe juu ya nyonga. Asifiwe kwa kule kukaa, si kwa matokeo, na asiadhibiwe kamwe kwa kuchafua nguo. Akinyimwa maji ili asiombe ruhusa darasani, tunamwongezea choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo.

Mama Pacha
Wa kwangu mwalimu alikuwa na kanuni kwamba anayeomba kwenda chooni wakati wa somo anapoteza nyota. Nilipouliza, niliambiwa wanatoroka masomo.

Mkia wa Kipepeo
Wapo wanaotoroka kweli, Mama. Lakini mimi nimeacha kuuliza. Nina kibao kimoja cha mbao karibu na mlango, anayehitaji anakichukua na kutoka bila kusema, akirudi anakirudisha. Hawezi kutoka zaidi ya mtu mmoja, nami sisimamishi somo.

Mzee wa Kamati
Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na nimefurahi vyoo vimetajwa, kwa sababu kwenye vikao vyetu tulikuwa tukizungumzia rangi ya geti na sherehe ya kufunga mwaka, na vyoo vikitajwa watu wanatazama saa. Wazazi wengi wanadhani hakuna kiwango, kumbe Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2009 kwa shule zenye uwezo mdogo lilitaja choo 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila 50. Tulipokwenda kuhesabu vya kwetu, tukatoa visivyofungika mlango, wajumbe walinyamaza. Hatukuwa na uwezo wa kujenga, lakini vitasa na komeo ni vitu vidogo. Fundi alivimaliza kwa muda mfupi. Tukatenga vyoo vya madarasa ya chini na vya madarasa ya juu, na tukaomba watumishi wasio walimu, yaani mlinzi, mpishi, dereva wa basi na mhudumu wa usafi, wawe na nafasi ya kusema kwenye kikao cha mwalimu mkuu kila wiki. Mwanzoni walimu walinung'unika. Kisha mlinzi alisema kuna mtoto anayefika getini kabla ya mapambazuko na kukaa nje peke yake, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwa akijua.

Mvua za Vuli
Mzee, ungekuwa kamati ya shule yetu nisingeandika barua zote zile.

Mama wa Kiranja
Nitasema jambo ambalo huenda msilipende. Mimi ni mzazi wa mtoto aliyewahi kutajwa kama mmoja wa “wakubwa wa mlangoni”, katika shule nyingine. Nilipoitwa nilimsikiliza, na nikaomba asikilizwe mbele ya mwalimu mlezi pia. Ilionekana kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiamriwa na wa darasa la juu yake, na asipokaa mlangoni anachukuliwa viatu. Sikuomba asamehewe. Niliomba apewe kazi ya kuwasindikiza wadogo, chini ya macho ya mwalimu, na aliifanya vizuri.

Nyota ya Jaha
Yaani mwonevu kapewa cheo? Aliyeonewa alipewa nini?

Mama wa Kiranja
Alipewa choo chenye mlango, na mwanangu alimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Hukumu ni yenu.

Chaki Nyeupe
Ningeunga mkono kwa tahadhari, Mama, maana mdogo asilazimishwe kusindikizwa na yule aliyemtisha. Lakini nguvu ya watoto wenyewe isidharauliwe. Watafiti wa Kanada waliorekodi kwa video viwanja vya shule za msingi, utafiti uliochapishwa 2001, waliona kwamba pale mtoto mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Shida ni kwamba walioingilia walikuwa wachache.

Kalamu ya Risasi
Naomba nirudishe mada, maana si kila tumbo ni choo na uonevu. Binti yangu alikuwa akiumwa siku za somo la sayansi tu, na tulimtilia shaka mwalimu bure. Mwalimu huyo alikuwa akiandika maelezo yote ubaoni, na mtoto haoni ubao. Alikuwa akinakili kwa jirani, jirani alipohamishwa kiti ndipo tumbo likaanza. Amevaa miwani, tumbo limekwisha.

Fundi Saa
Kwa hiyo tuanze na macho, choo, hesabu, au karate?

Upepo wa Kusi
Ahsanteni nyote. Bwana Jicho la Tai, hata wewe sikukasirikii. Nesi, nina swali moja: mwanangu sasa anakwenda vizuri, kila siku, na baba yake anasema dawa iachwe kwa kuwa ataizoea. Je, ni kweli?

Nesi wa Usiku
Msiiache kwa kuona ameanza vizuri, Mama, hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma. Kwa kawaida dawa ya kulainisha choo hutumika angalau miezi miwili, na dalili ziwe zimetoweka kwa mwezi mzima kabla ya kuanza kuipunguza, tena hupunguzwa taratibu chini ya maelekezo ya daktari, kwa kuwa utumbo uliotanuka huchukua muda kurudi ukubwa wake. Mwambie baba yake kwamba anachopaswa kuogopa zaidi ni ule mrundikano kurudi. Na mkienda kliniki, ombeni daktari aandike barua fupi kwa mwalimu wa darasa kwamba mtoto aruhusiwe kutoka wakati wowote bila kuuliza na chupa ya maji iwe mezani pake, kwa sababu barua yenye muhuri mwalimu mgeni akija ataiheshimu kuliko maneno ya mtoto.